Chati ya Pumzi

Nilianza kuipika chati saa nne asubuhi, siku ya tatu baada ya mke wangu kufanyiwa upasuaji wa moyo, na niliipika kwa mwandiko mzuri. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanionea huruma kabla hajasikia habari yenyewe. Watu wananihurumia sana siku hizi. Wananiletea chai hadi mlangoni, wananishika bega, wananiambia nilimbeba mke wangu kama yai. Nikiwajibu vibaya wanasema ni uchungu. Uchungu upo, lakini si peke yake.

Kazi yangu ni pampu. Nimekaa miaka thelathini na minne kwenye kituo cha kusukuma maji: chumba cha zege, mashine tatu sakafuni, meza moja, na juu ya meza daftari la zamu. Kila saa inapotimia unatakiwa uinuke, uzunguke na tochi, usome geji nne na uandike. Presha ya kuingia, presha ya kutoka, joto la mota, kimo cha maji kwenye tangi. Simjui mwendesha pampu hata mmoja aliyewahi kufanya hivyo kwa saa zote za zamu yake. Wote tunapika. Unasoma mara mbili tatu, zilizobaki unajaza umekaa na kikombe chako. Na kupika nako kuna ufundi. Kijana mmoja mgeni aliandika nne nukta mbili tangu mwanzo wa zamu hadi mwisho, mkaguzi akamwita siku hiyohiyo. Namba zilizonyooka zinanuka. Mpishi anayejua kazi anapandisha kidogo, anashusha kidogo, na mara mojamoja anaweka saa mbaya, pembeni anaandika "imerekebishwa". Mimi nilikuwa mpishi namba moja. Wakaguzi wakija na wageni, daftari la kuonyeshwa lilikuwa langu.

Na wala hatukumkosesha mtu maji. Pampu ikiumwa unaisikia. Inakwaruza, inagonga, inapiga kelele kama inayodai haki yake. Pampu nzima ina sauti moja, laini, ya chini, hadi unasahau kama ipo. Daftari ni la wakubwa, masikio ndiyo ya kazi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

Sasa mke wangu. Yeye alinibandika jina la Bwana Tutaona, na jina likanikaa hadi kwa majirani. Mume wangu, tutoboe dirisha jikoni, mbona napika gizani? Tutaona. Mume wangu, nataka kujifunza gari. Tutaona. Twende tukamtembelee binti yetu huko alikohamia, hata siku tatu tu. Tutaona. Sikuwa mkali, sikuwahi kuinua mkono wala sauti. Nilikuwa mzito tu. Nilidhani mwanamume anayekubali haraka nyumba yake inamponyoka. Yeye alikuwa anacheka, anaigiza sauti yangu mbele ya wageni, "tuuutaona", na wageni wanavunjika mbavu. Miaka thelathini na moja alicheka hivyo, na mimi nikadhani kuwa anayecheka hajaumia.

Siku aliyoingizwa chumba cha upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi alasiri. Vali moja ya moyo ilikuwa imechakaa, wakawa wanamwekea nyingine. Nikiwa pale nikajaribu kukumbuka mara ambazo mke wangu aliniomba jambo nikamkubalia papo hapo. Nilitafuta sana. Nikapata moja, tena ilikuwa kumwazima jirani ngazi. Nikaapa palepale, mikono imebanwa katikati ya magoti, kwamba akitoka hai, lolote atakaloniomba jibu langu litakuwa ndiyo.

Akatoka hai.

Siku ya tatu walimhamishia wodini, kitanda cha karibu na dirisha, na ndipo akaja yule binti wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mfupi, amevaa raba nyeupe, saa ameibandika kifuani, na anatembea kama aliyechelewa. Wagonjwa walimwita Koplo. Alivuta kiti, akatoa kifaa cha plastiki chenye mirija mitatu iliyosimama, kila mrija na kipira chake chini, na mpira mwembamba wa kuvutia.

"Mama," alisema, "moyo wamekutengenezea. Mapafu bado. Ulipolala kwa ile dawa na mapafu yakalala. Huku chini kuna vyumba vidogovidogo vimejifunga, na vinafunguka kwa pumzi ndefu tu. Usipovifungua vitajaa makohozi, na makohozi yakikaa humo yanaleta homa mbaya. Kwa hiyo kila saa uliyo macho, unavuta mara kumi. Polepole, hadi kipira kipande, ukishike juu huku unahesabu tatu. Halafu unakumbatia mto, unakohoa. Umeelewa?"

Mke wangu akaelewa. Akaweka mdomo, akapuliza kwa nguvu. Vipira havikutikisika.

"Vuta, mama, usipulize. Hii sio keki."

Mke wangu akaanza kucheka, kisha akashika kifua kwa mikono miwili, macho yamemtoka. "Wee binti, usinichekeshe. Nitafumuka."

Alivuta tena. Kipira cha kwanza kilipanda, kikagusa juu, kikadondoka. Kimoja. Koplo alimsifu kama mtoto aliyesimama dede. Halafu akanigeukia mimi na karatasi yenye mistari: saa zimeshuka upande wa kushoto, siku zimepangwa juu, na visanduku vya kuandika vipira vingapi vimepanda.

"Wewe ndiye utakayekaa naye mchana? Utaweza kuandika kila saa, mzee?"

"Huyo?" mke wangu akadakia. "Huyo maisha yake yote kazi ni kuandika kila saa. Hapo umepata fundi."

Koplo akafurahi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa tatu tulifanya. Nilihesabu moja hadi kumi. Ilipofika zamu ya kukohoa nikamsaidia kuukumbatia mto, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mke wangu hata siku aliyojifungua. Mfupa wa kifua uliopasuliwa na kufungwa kwa waya, ukikohoa ni kama unapasuliwa tena. Alitoa sauti ndogo, nyembamba, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Alipomaliza alinishika kidole kimoja tu, hakuwa na nguvu ya kushika mkono.

Saa nne ikafika. Nilichukua kile kifaa mezani.

"Saa hii niache," alisema.

"Koplo amesema kila saa."

"Najua alichosema. Nakuomba, mume wangu. Kama unanipenda, saa hii niache."

Nilikuwa na kiapo changu kichwani, bado kibichi. Nikarudisha kifaa mezani. "Sawa, mama."

Aligeuza shingo kunitazama. "Umesema sawa?"

"Nimesema sawa."

"Nesi!" aliita kwa sauti yake ndogo. "Nesi, njoo umpime huyu mzee, anaumwa. Kasema sawa."

Nesi alicheka bila kuelewa, mimi nikacheka, na yeye akatabasamu kwa uangalifu asije akajiumiza. Sitasema uongo: nilifurahi. Nilijiona mume. Nikachukua kalamu, kwenye kisanduku cha saa nne nikaandika kimoja.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Saa tano kimoja. Saa sita kimoja na nusu. Saa saba nikaweka mstari, pembeni nikaandika "amelala", maana mgonjwa asiyelala kabisa anatia shaka. Saa nane nikamshusha kidogo. Jioni nikampandisha viwili. Mkono ulifanya kazi kama uko kituoni, wala sikuwa nawaza. Niliwaza tu kwamba anapumzika, na mtu akipumzika anapona.

Asije mtu akadhani hakuvuta kabisa. Alivuta. Mara moja kwa siku, mara mbili akiwa na furaha, anachukua ule mpira mwenyewe. "Lete hicho kidudu chako." Asubuhi moja aliketi vizuri, akavuta taratibu na macho amefumba, kipira cha kwanza kikapanda, cha pili kikapanda, na cha tatu kikaanza kucheza mahali pake kikitaka kuinuka. Nilipiga makofi. Mwenye kitanda cha jirani akauliza kuna nini. Mke wangu akafumbua macho, akaviona viwili vimesimama juu, akashangaa hata yeye. Nikaandika viwili. Niliandika katikati ya viwili vingine ambavyo nilivipika mimi.

Nilipokosa cha kuandika nilikuwa namsikiliza. Akisinzia mchana nainamisha sikio, nafumba macho kama ninavyofanya kwenye mashine namba tatu. Pumzi yake ilikuwa kimya. Hakuna mkwaruzo, hakuna kugonga, inaingia kidogo na kutoka kidogo. Nikajiambia, mashine nzima hii.

Koplo hakuwa mjinga. Siku ya nne alimsimamia mwenyewe, mke wangu akafika kimoja kwa shida. Akaangalia chati, akaniangalia mimi.

"Mbona hapa saa mbili ameandikiwa viwili?"

"Anakuogopa," nilisema. "Akikuona wewe pumzi inakata. Tukiwa wawili anavuta vizuri."

Mke wangu alitazama ukutani. Koplo akacheka, akasema kweli, wengi humwogopa. Alikuwa na vitanda kumi na vinane na miguu miwili. Siku ya tano alikuja mara moja badala ya mbili, ameongozana na wanafunzi wawili wenye makoti mapya, akainua chati yetu wakaitazama. "Hivi ndivyo inavyotakiwa," aliwaambia. "Ana siku mbaya, ana siku nzuri, lakini mwelekeo unapanda." Nilitazama raba zake nyeupe.

Binti yetu anafundisha hesabu sekondari, safari ya siku nzima na nusu kutoka kwetu. Kila jioni kabla sijaondoka wodini nilikuwa naipiga picha ile chati na kumtumia. Yeye anazichora namba kwenye karatasi ya miraba na kunirudishia picha ya mchoro wake, mstari unapanda na kushuka kama barabara ya mlimani. Siku ya tano jioni akapiga simu.

"Baba, nimeomba ruhusa. Nije Ijumaa?"

"Watoto wa watu wana mitihani," nilisema. "Umeona namba mwenyewe. Maliza mitihani kwanza, utamkuta mama yako amesimama jikoni."

"Kweli, namba zinapanda," alisema, na nilisikia jinsi alivyotua. "Basi nije wiki inayofuata. Mwambie mama nimempa alama tisini."

Siku ya saba tuliruhusiwa. Koplo alitupa kifaa twende nacho nyumbani na chati mpya ya wiki mbili. Ile chati nikaitundika kwenye friji na sumaku. Nyumbani ilikuwa raha tupu. Nilimwogesha, nilimkorogea uji, nilimwambia fundi wa dirisha anakuja Jumatatu. Aliuliza kama niko serious, nikasema niko serious, akasema basi nitakufa mwaka huu, si kwa mabadiliko haya. Tulicheka taratibu. Kifaa kilikaa juu ya kabati la vyombo, na mimi kila nikipita kwenye friji naandika.

Siku ya kumi aliamka hana hamu ya uji. Mchana alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, na alipotaka kuniambia kitu alisema maneno mawili, akavuta hewa, akasema mengine mawili. Midomo ilikuwa imepauka. Nilimwita jirani mwenye gari.

Daktari alining'iniza picha ya kifua kwenye taa. Pafu moja lilikuwa jeusi kama inavyotakiwa. La kushoto, kuanzia katikati kwenda chini, lilikuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Alisema sehemu ile imejifunga na imeingia maambukizi, na maji yameanza kukaa. Koplo aliitwa. Akaja na faili, akalifungua pale kwenye chati yangu, akaipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Sielewi," alimwambia daktari. "Huyu ndiye aliyekuwa anafanya vizuri kuliko wodi nzima. Pafu halijifungi hivi kwa mtu anayevuta namna hii."

Daktari akafikiri. Akasema basi huenda chanzo si pafu, huenda ni vali mpya inavuja, au damu imeganda mahali. Waanze na moyo. Wakaandika vipimo, wakaja watu wawili, wakaondoa breki za kitanda. Mke wangu alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni. Alinitazama juu ya barakoa, na nilijua anasubiri niseme.

Sikusema. Niliacha kitanda kisukumwe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaitazama ile nafasi tupu ambapo kitanda kilikuwa, na mchana mzima ukapita wakitafuta kosa kwenye moyo ambao haukuwa na kosa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Yale ya mwanzo nilifanya kwa mapenzi ya kijinga, mtu anaweza kunisamehe. Hili nililifanya kwa aibu.

Walimrudisha jua linazama. Vali ni nzuri, walisema. Nilimfuata Koplo koridoni, nikamkuta anajaza fomu kwa kuegemea ukuta.

"Binti yangu, ile chati nilipika."

Hakuinua macho mara moja. "Ulipika nini?"

"Namba. Aliniomba nimwache, nikamwacha, nikaandika."

"Ngapi?"

"Nyingi."

Nilingoja anifokee. Angenifokea ningepata nafuu. Alifunga kalamu yake, akaifungua, akaifunga tena.

"Mzee, mimi nilikuwa nampita mkeo naenda kwa wenye chati mbaya."

"Lakini nilikuwa namsikiliza," nilisema. Nikaanza kumweleza habari za mashine, mimi mtu mzima, najitetea kwa pampu. "Pumzi yake ilikuwa kimya kabisa. Haina mkwaruzo hata kidogo."

"Ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa haifiki popote," alisema Koplo. Halafu akakimbia kwenda kumwita daktari.

Jioni ile na siku mbili zilizofuata alimfanyia mazoezi yeye mwenyewe. Alimlaza ubavu, akampigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, akamketisha, akamkohoza. Akitoka ananiachia mimi, na safari hii hakuniachia kalamu. Siku ya kwanza, tulipobaki wawili, mke wangu alisogeza barakoa pembeni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Kwamba mimi ndiye niliyekataa?"

"Kwamba mimi ndiye niliyekubali."

Akapumzika ili apate hewa ya sentensi nyingine. "Siku zote tutaona, tutaona," alisema. "Hiyo moja ndiyo ungesema tutaona."

Alisema kwa utani, au nataka kuamini ni utani. Nilimwambia anisamehe. Akasema, nisamehe na wewe, kisha akarudisha barakoa.

Nikachukua kifaa. "Haya, mama. Vuta."

Akatikisa kichwa.

"Vuta. Kipira kimoja tu."

"Kama unanipenda..."

"Sikuachi," nilisema. "Hata ukinichukia. Vuta."

Alinitazama kwa macho ninayoyajua, macho ya mwanamke anayepika gizani miaka yote. Akavuta. Kipira kiliinuka nusu ya kidole, kikadondoka. Tena. Kikatikisika. Tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na mimi yananitoka, na bado nasema tena. Nesi alipita akanitazama kama mtu katili. Kipira hakikuinuka tena. Vile vyumba vya chini vilikuwa vimeshafungwa, na mlango uliokuwa unafunguka kwa pumzi kumi siku ya tatu haukufunguka kwa mia siku ya kumi na mbili.

Wakamhamishia chumba cha mahututi, wakamtia mrija kooni, mashine ikawa inampumulia. Binti yetu alifika kesho yake na begi mgongoni, na karatasi za mitihani ambazo hazijasahihishwa. Mama yake alikuwa amelazwa usingizi wa dawa. Alimshika mkono, akamwambia mama nimefika, akamwambia tena kwa sauti kubwa zaidi. Alikaa naye siku tano. Siku ya sita mke wangu alifariki, saa nane mchana, bila kufumbua macho.

Binti hakuuliza kitu. Aliona pafu limeshindwa, watu wakamwambia ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikanyamaza nyuma ya Mungu. Wiki mbili baada ya mazishi alinikuta sebuleni nimekaa, akakaa mkono wa kiti changu kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. Alikuwa na simu mkononi.

"Baba, nataka kuzichapisha hizi," alisema. "Nizitie kwenye fremu, niziweke karibu na picha yake. Chati za mama. Kila mtu aone alivyopigana."

Aliwasha simu, na hapo nikaona mwandiko wangu, mstari juu ya mstari, safi, haujafutwa hata mahali pamoja. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia saa nne ya siku ya tatu hadi kitanda kilivyosukumwa nikiwa kimya. Nilimwambia na ile Ijumaa niliyomzuia asije. Sikupunguza kitu, nilishapunguza vya kutosha.

Alishuka kwenye mkono wa kiti, akaenda kusimama mlangoni na mgongo wake kwangu. Nilidhani anaondoka. Alirudi, akapiga magoti mbele yangu ili simu iwe usawa wa macho yangu, na kwa vidole viwili akaikuza ile picha.

"Umesema kuna alizovuta kweli."

"Zipo."

"Nionyeshe."

Nilivaa miwani. Siku ya nne. Siku ya tano. Siku ya sita. Nilikumbuka vipira viwili vilivyosimama juu na cha tatu kikicheza. Nilikumbuka jua lilivyopiga kwenye shuka, makofi yangu, na alivyojishangaa mwenyewe. Nilitafuta ilikuwa saa ngapi. Viwili hapa. Viwili pale. Kimoja na nusu, kinashuka, kinapanda. Kila nilipodhani nimeipata niliona nyingine chini yake inayofanana nayo, kalamu ileile, mkono uleule.

"Baba, hata moja," alisema. "Moja tu ya mama."

"Siijui, mwanangu," nilisema.

Hakuitoa simu. Aliendelea kuishika mbele ya macho yangu, akasogeza picha nyingine, na mimi nikaendelea kutazama.